Ndege Iliyotoka Jikoni

Ndege iliingia nyumbani kwetu kama malipo ya deni la jibini. Daktari mmoja Mbelgiji wa shirika la misaada alikula jibini yetu kwa mkopo karibu mwaka mzima, na mkataba wake ulipokwisha, Juni 2015, alikuja kuaga na nusu ya pesa mkononi na sanduku refu la katoni kwapani. Nusu iliyobaki, alisema, imo humu. Mimi nilitaka lifunguliwe palepale mlangoni nijue nimelipwa nini. Mume wangu alikuwa ameshaona picha iliyobandikwa juu: ndege nyekundu yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na rubani mwenye miwani ya kufunika nusu ya uso. Akalikumbatia sanduku, akaingia nalo ndani, na deni likawa limekwisha.

Jibini yenyewe si yangu wala si yake. Ni ya mama mkwe; sisi wengine ni mikono tu. Jioni, akiwa anafuta vyombo, aliuliza bila kugeuka:

"Munganga alilipa?"

"Alilipa, Mama. Nusu dola, nusu ndege."

"Ndege ya kufuga?"

"Ya kuruka."

"Hata kuku anaruka," akasema, akaendelea kufuta.

Niseme kidogo kuhusu jibini, maana bila yake ndege hii isingekuwa na karakana. Milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ni nchi ya majani mabichi na ng'ombe. Mapadre wa Kibelgiji walitufundisha jibini ya aina ya gouda miaka ya 1970, na tangu hapo magurudumu yake ya njano hushuka Sake, hufika Goma, na kwa miaka mingi mengine yalipanda ndege hadi Kinshasa bila sisi tulioyatengeneza kufika huko. Lita kumi za maziwa huzaa karibu kilo moja. Maziwa hupashwa moto, hutiwa dawa ya kugandisha, yakishaganda hukatwakatwa, hutiwa katika vyombo vya duara na kulala usiku kucha chini ya shinikizo. Kisha hukaa katika maji ya chumvi, kisha juu ya mbao, wiki baada ya wiki, yakigeuzwa kila siku. Shinikizo letu ni la mbao, na kwenye ncha ya mkono wake mrefu linaning'inia jiwe jeusi la volkano lililoletwa kutoka Sake. Jiwe hilo mlikumbuke.

Mume wangu ni fundi wa redio. Waya za umeme wa serikali hazijatufikia, kwa hiyo ana kibanda pale Masisi-centre chenye paneli mbili za jua na grupu moja, yaani jenereta, ya petroli. Watu humwachia simu asubuhi, wakazichukua jioni zimejaa moto. Basi vitu vya umeme vilivyokuwa sandukuni havikumtisha: mota ndogo ya kuzungusha rafadha, betri ya lithiamu ya volti 11.1, rimoti yenye vijiti viwili, na vile vijimota vinne vya kuvuta mkia na vijibawa ambavyo karatasi ya maelezo iliviita servo. Alivipanga kitandani kwangu, akavijaribu kimoja kimoja, vyote vikaitika. Kilichomwangusha kilikuwa chini kabisa ya sanduku. Vibao vya balsa kwa nje vilikuwa vyeupe, laini, vizima. Alipokibonyeza kimoja, kidole kilitokea upande wa pili na unga ukamwagika. Wadudu walikuwa wamemtangulia.

Balsa ni mti wa Amerika ya joto. Meta moja ya ujazo ya balsa nzuri haizidi sana kilo 160, na bado ina nguvu ya kushika pini na kubeba bawa. Ndiyo maana wajenzi wa vindege dunia nzima wanauabudu. Sehemu kubwa ya ule wa biashara hutoka Ekuado, na kutoka Ekuado hadi Masisi hakuna Fuso inayokuja. Mume wangu alikaa na unga ule mapajani kwa sura ya mfiwa. Nilidhani mambo yameishia hapo, nikaanza kupanga sanduku litafaa kuwekea nini.

Ila kulikuwa na shemeji.

Shemeji, mdogo wake, ni mtu wa pikipiki: hupeleka jibini, chumvi na sabuni Walikale, akarudi na mawese. Kabla ya pikipiki alikuwa kijana wa kupakia ndege. Pale Kilambo, huko Walikale, kipande cha barabara ya lami kilifanywa uwanja. Kasiterite, yaani mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie ilitoka msituni mgongoni mwa watu, magunia ya kilo hamsini hamsini, na ikifika kwenye lami iliingizwa katika Antonov na Let za kwenda Goma. Ndege ilitua palepale magari yalipokuwa yakipita. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, Shemeji alihesabu akiba yake, akanunua pikipiki. Lakini mtu aliyewahi kufunga mlango wa Antonov haachi kujiona mtu wa ndege.

Akachukua kipande cha balsa kilichosalia, akakipima kiganjani, akakinusa.

"Hii ni parasolia yenye kiburi," akasema.

Parasolia kule Walikale ni mti wa kwanza kuota mahali shamba linapoachwa. Mizizi yake husimama juu ya ardhi, majani yake ni mapana ya kukinga mvua, na mbao yake ni nyepesi kiasi kwamba wavuvi huifanya maboya ya nyavu. Ni mzito kidogo kuliko balsa, maana hupita kilo 200 kwa meta ya ujazo, lakini haugharimu kitu. Kwetu milimani ni baridi mno kwake. Walikale ndiyo kwao, na Walikale ni kubwa: zaidi ya kilometa za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Shemeji aliondoka na jibini akiahidi gogo.

Barabara ya kutoka Walikale kuja kwetu hupita Kashebere na Nyabiondo, na miaka ile kila mlima ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na kamba ya kufunga njia. Kwenye bariyeri ya kwanza Shemeji alisema ukweli.

"Umebeba nini?"

"Muti."

"Muti ya nini?"

"Ya kujenga ndege."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Kwa hiyo kwenye bariyeri iliyofuata alibadili, akasema ni kuni. Mwenye kamba akalizunguka gogo polepole.

"Muntu anatoka Walikale na kuni, anapita mu misitu yote ile, anapeleka kuni Masisi. Masisi haina kuni?"

Mimi mwenyewe ningekuwa kwenye kamba ile ningeuliza hivyo hivyo. Hakuna mwenye akili anayesafirisha gogo jepesi lisilo na kitu ndani. Basi wakalipasua kwa panga watafute dhahabu. Hawakuikuta. Wa mbele yao, walipoona gogo limeshapasuliwa, waliona hakika kuna kitu kilichofichwa zaidi, wakapasua vile vipande. Kila mahali alilipa bei ya bia kwa kusumbua watu. Mzigo ulipofika nyumbani ulikuwa mbao, si gogo, na mume wangu alifurahi mno: hakuwa na msumeno wa kupasulia.

Mbao mbichi haijengi ndege. Ilipandishwa kwenye uchaga juu ya meko ikauke, na kwa muda wote ule nilipika chini ya ndege ya baadaye, nikisukumwa kila nilipoongeza kuni kwa sababu "moshi isizidi." Ikishakauka ilitaka kunyooshwa, vinginevyo hujikunja. Ndipo mume wangu alipolitazama shinikizo.

Alfajiri mama mkwe alikuta jibini ya jana imelala bila uzito, na chini ya jiwe lake kuna fito za bawa zimebanwa katikati ya mbao mbili safi za jikoni. Hakupiga kelele. Alimwita mwanawe, akaweka ubao juu ya vyombo vya jibini, akasema:

"Jiwe imepata kazi ingine. Kaa."

Akakaa. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, fundi anayejulikana hadi Nyabiondo, alishinda juu ya jibini na wateja wakamfuata nyumbani na simu zao mikononi. Aliwahudumia akiwa amekaa hivyohivyo. Jibini ile ilitoka imeinama upande mmoja, kwa kuwa yeye huegemea kulia, na tuliiuza kwa jamaa.

Tukajenga jikoni, na nasema tukajenga kwa makusudi. Mchoro ulitandikwa juu ya meza ya kugeuzia jibini. Pini zilikuwa zangu za kushonea. Mbavu za mabawa zilikatwa kwa wembe na binti yetu mkubwa, aliyekuwa sekondari, kitengo cha sayansi, mwenye mkono usiotetemeka. Baba yake alivunja kila ubavu wa tatu. Kola ilikuwa ile nyeupe ya maseremala, na ilikaa katika kikombe ambacho hadi leo hakuna anayekubali kukinywea. Katika ndege ya mabawa mawili kazi yote huwa mara mbili: bawa la juu, bawa la chini, nguzo za kuyatenganisha, nyuzi za kuyavuta yasipinde. Wajenzi wa mwanzo walifanya hivyo kwa sababu mbao na kitambaa ni dhaifu. Mabawa mafupi mawili yaliyofungwa pamoja yalihimili kuliko moja refu. Mume wangu alipenda kutukumbusha kwamba hata Kongo vita vya angani vilianza na za namna hii: mwaka 1916 Wabelgiji waliziweka ndege nne za Short, za kuelea majini, ufukweni mwa Tanganyika, wakavuka ziwa kwenda kuwapiga Wajerumani Kigoma. Mbao na kitambaa, alisema, akiinua kidole chenye kola. Mama mkwe aliuliza nani alifua kile kitambaa.

Lilikuwa pia swali la kazi. Ngozi ya plastiki iliyokuja na sanduku ilikuwa imegandana yenyewe kwa yenyewe, haikubanduka. Mama mkwe, ambaye usichana wake aliupitisha akipiga pasi kanzu za mapadre, akasema kitambaa chepesi kikilowekwa katika amido, yaani wanga, ya muhogo, kikitandikwa kikiwa kibichi, kikikauka kitakaza hadi kikipigwa kilie. Tatizo likawa kitambaa chepesi. Siku hiyo niliporudi sokoni nilikuta koti langu la harusi limelazwa kitandani likiwa na sura ya ugonjwa. Bitana ilikuwa imetoka.

"Koti lingali koti," mume wangu alisema.

Hatukuzungumza hadi kesho yake jioni, na nilipozungumza nilimwambia tu kwamba mshono wa bawa la juu umekwenda upande, maana sikuweza kuutazama ulivyo. Nikaushona upya. Kitambaa kilipokauka, kweli, kilikaza. Ukikipiga kwa ukucha kililia ngoma. Tuliegemeza mabawa yote ukutani uani, jua la Julai likiyamalizia, tukaingia kunywa chai kwa amani ya kwanza tangu Juni.

Amido ya muhogo ni chakula. Hakuna aliyelifikiria hilo isipokuwa ndama. Tulipotoka alikuwa amelamba bawa la chini la kushoto kutoka ncha hadi katikati, na alipomaliza kulamba alianza kutafuna. Alitutazama na ubavu wa parasolia ukining'inia mdomoni. Mume wangu alitaka kumpiga. Mama mkwe akasimama kati yao, kwa sababu ndama ana bei na bawa halina. Mbavu zikakatwa tena, bitana ya mikono ya koti ikafuata ya mwili, na safari hii mama mkwe alisaga pilipili kali, ile ndogo nyekundu, akaikoroga ndani ya amido. Ndama alijaribu mara moja tu.

Ndege iliyokamilika tuliiweka kwenye mizani ya jibini. Mchoro ulitaka kilo moja na nusu. Sindano ilikaa karibu na mbili. Parasolia, kola, bitana ya harusi, pilipili. Binti yetu alikunja uso. Tatizo, alieleza, si uzito peke yake. Katika mwinuko wa meta 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. Bawa lilelile hubeba kidogo, na ili libebe sawa lazima ndege iende kasi zaidi, kama sehemu moja ya kumi hivi, kabla haijainuka. Na rafadha nayo hunyang'anywa hewa ya kushika. Kwa maneno mengine, aliyechora ndege ile hakuwaza milima ya Masisi.

"Tuipeleke Walikale," akasema Shemeji. "Kule ni chini, hewa ni nzito."

Tukamkumbusha bariyeri. Akanyamaza.

Halafu alifanya jambo lililoiokoa ndege, na nampa haki yake. Aliishika chini ya bawa la juu kwa vidole viwili, mkia ukaanguka.

"Muzigo ya nyuma inaua," akasema. "Kule Kilambo tulikuwa tunasukuma magunia mbele mpaka pilota aseme basi."

Ndivyo ilivyo: ndege lazima ilale sawa ikishikwa karibu na theluthi ya kwanza ya upana wa bawa; ikizidi uzito nyuma huinua pua, hukosa kasi, huanguka. Akaenda kwenye pikipiki, akarudi na jiwe jeusi dogo alilolihifadhi tangu siku za Bisie. Kasiterite ni nzito karibu mara saba ya maji. Kipande kidogo kilichofungwa puani kwa mpira wa baiskeli kiliusawazisha mkia. Mume wangu aliangua kicheko: siku zile gunia la madini halikuruhusiwa kutoka mgodini bila kilebo cha plastiki, na sisi tulitaka kurusha mawe yasiyo na lebo juu ya vichwa vya serikali.

Hakuna aliyecheka naye. Mpaka hapo hatukuwa tumelisema kwa sauti, kwamba kujenga ni jambo moja na kuirusha ni jambo jingine. Tangu Desemba 2013 MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilikuwa na ndege zake zisizo na rubani, nyeupe, zinazoondoka Goma na kupita juu ya milima yetu. Mei 2014 moja ilisaidia kuona mashua iliyozama ziwani Kivu, watu wakaokolewa. Hilo nalisema kwa haki. Lakini vijijini watu walisema zinaona hadi ndani ya sufuria. Mama mkwe amekimbia nyumba yake zaidi ya mara ambazo anapenda kuzitaja, na kitu kinacholia angani hakimkuti ameketi.

"Wakisikia sauti hiyo," alisema, "batoto bataingia mu migomba, na wenye bunduki bataangalia juu. Mwanzo tuwaambie."

Mume wangu aliona ni kupoteza muda. Mimi niliona ni sentensi pekee yenye akili iliyosemwa tangu sanduku lifike. Tukaenda kwa shefu wa mtaa na gurudumu zuri, lisiloinama. Aliitazama ndege kwa makini.

"Nani atakuwa mu ndani?"

"Hakuna muntu, shefu."

"Na kama inaamua kwenda?"

Ni swali zuri. Mume wangu alilijibu kwa dakika nyingi. Shefu alikubali kwa masharti: itangazwe baada ya misa, wanajeshi wa kituo waambiwe, na irushwe uwanja wa mpira mbele ya watu wote, saa ya mwanga. Jumapili ile mkatekista alitangaza ndoa mbili, ng'ombe aliyepotea, na ndege yetu.

Kwa wiki nzima iliyotangulia binti yetu alikuwa akijifunza, bila kuombwa. Shida ya ndege ya rimoti ni kwamba ikienda mbali nawe, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukujia, kushoto yake ni kulia yako, na mkono husahau. Alimtwika mdogo wake ubao mabegani awe mabawa, akamkimbiza uani huku na huku, naye amesimama na rimoti isiyo na betri akimwamuru. Mtoto alipomjia mbele akakosea, aligonga ndoo. Ndoo iligongwa sana siku za mwanzo. Baadaye haikugongwa tena. Baba yao hakujifunza na ubao. Alisema amefahamu kanuni.

Asubuhi ya siku yenyewe ukungu ulipoondoka, uwanja ulikuwa umejaa. Upepo wa milimani huamka mchana, kwa hiyo tuliwahi. Magurudumu ya ndege yalikuwa nyayo za kandambili zilizokatwa duara. Mume wangu aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, ameikumbatia, bawa la chini likimgusa shavu, jua likimtoa jasho. Akaiweka kwenye majani, akashika rimoti, akasukuma kijiti.

Ilikimbia, ikakimbia, ikaendelea kukimbia, kwa sababu hewa yetu ni ile niliyoisema, na watu wakaanza kuguna. Karibu na goli la pili ikainuka. Papo hapo ikavuta kushoto: rafadha inapozunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili. Mume wangu akairudisha, akapangusa jasho usoni kwa kiganja kile kile kilichobeba bawa lenye pilipili.

Sitaeleza sauti aliyoitoa. Alifumba macho yote mawili, na ndege ya mabawa mawili ikawa inaelekea kanisani bila mwenyewe. Binti akamnyang'anya rimoti. Hakusema samahani Papa. Akaishusha pua kidogo ipate kasi, ndipo akaigeuza, polepole, juu ya migomba, na bitana yangu ya harusi ikang'aa upande wa chini wa mabawa. Nilifurahi, nakubali. Ilisikika nyepesi kuliko nilivyoogopa. Ng'ombe wa mlima wa pili walikimbia na mchungaji akawakimbilia akitukana. Chini yake, uwanjani, mtoto wetu mdogo alikuwa akikimbia mikono imenyooka, akikata kona zote pamoja nayo, na ilipogeuka kutujia dada yake hakuitazama sana ndege, alimtazama yeye.

Ilizunguka mara kadhaa. Betri ilipoanza kulegea aliileta upande wa goli la mwanzo. Nzito, katika hewa nyembamba, ilikuja kasi. Iligusa majani, ikaruka, ikagusa tena, ikasimama kwa pua. Rafadha ilivunjika, na nguzo moja ya bawa. Uwanja ulilipuka. Watu wakamkimbilia mume wangu, ambaye alikuwa bado analia machozi mengi, wakasema tazameni fundi, analia kwa furaha. Alipewa mikono, akabebwa. Nilisubiri kuona kama atawasahihisha. Ninasubiri hadi leo.

Ofisa wa kituo alikuja baada ya kelele kupungua. Alikuwa mpole. Aliizunguka ndege, akaigusa pua.

"Hii inaweza kubeba simu?" akauliza. "Simu yenye kamera."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa simu yenye kamera ingetazama mlima upi, wala walioko mlima ule wangefanya nini siku ya pili wakisikia sauti ile. Mume wangu, jicho moja limefunguka, alikuwa ameshafungua mdomo. Ninamjua, angeanza na uzito, aende kwenye betri, na ukweli wote ungetoka. Mama mkwe alimtangulia.

"Haiwezi, shefu. Ilishindwa kubeba hata akili ya ule aliyeitengeneza."

Ofisa akacheka, watu wakacheka, mume wangu akaona bora acheke. Usiku mama mkwe alifunga mlango wa jikoni, akaweka simu yangu kwenye mizani ya jibini, kisha akaitoa kasiterite puani mwa ndege akaiweka mahali pake. Sindano ilikaa karibu palepale.

"Nani anajua hii?" akauliza.

"Mimi," akasema binti. "Na Papa."

"Papa yako nitaongea naye."

Aliongea naye, na sikuhudhuria. Tangu siku hiyo rimoti hulala ndani ya kabati la dawa ya kugandisha, lenye kufuli, na ufunguo uko kiunoni mwake. Ndege huruka siku ambazo shefu ametangaza, uwanjani tu, chini, mbele ya watu, na binti ndiye anayeishika. Chini ya bawa lote la chini kumechorwa ng'ombe mweupe mwenye madoa, mkubwa iwezekanavyo, ili mtu yeyote anayetazama juu, akiwa na bunduki au bila, aone anatazama ng'ombe wa nani. Mchoro niliufanya mimi. Miguu yake haiko sawa, lakini kwa mbali haionekani.

Rafadha mume wangu aliichonga upya kwa mkaratusi, ikatoka vizuri kuliko ya dukani, nasema bila ya upendeleo. Nguzo ilitaka parasolia. Shemeji alipokuwa akifunga jibini kwenye pikipiki kwenda Walikale, alikuja mlangoni mwa jikoni.

"Sasa safari hii niwaambie gogo ni la nini?"

"Sema ni kuni," akajibu mama mkwe. "Lakini beba na kuni."